Treni zimerudi serikalini, sisi tunaozisafisha bado tuko kwa mkandarasi

Tangu nitue Dar likizo hii kila ninayekutana naye ananipa hongera, eti treni za Uingereza zinarudishwa serikalini kwahiyo na mimi sasa ni mtumishi wa serikali, tena ya Mfalme, pensheni ipo, likizo ya ugonjwa ipo, nitulie tu. Nawaelewa kabisa. Hapa kwetu mtu akisikia shirika limerudi mikononi mwa serikali anajua na waliomo ndani wamerudi nalo. Mimi nasafisha mabehewa usiku kwenye depo ya laini mojawapo iliyochukuliwa, kampuni iliyoniajiri siitaji jina, na naomba niwaeleze hili jambo lilivyo maana naona watu wanalipokea nusunusu.

Reli yote kule ilikuwa ya serikali tangu 1948, British Rail. Ikaja sheria ya 1993 enzi za John Major ikaigawa vipandevipande. Njia na mataa zikaenda kwa kampuni moja inaitwa Railtrack, mabehewa wakapewa makampuni ya kukodisha, na kuendesha treni kukawekwa zabuni, anayeshinda anapewa laini kwa miaka kadhaa, muda ukiisha inashindaniwa upya. Oktoba 2000 pale Hatfield reli ilivunjika chini ya treni watu 4 wakafa, ikaonekana wazi njia zilikuwa hazitunzwi inavyotakiwa, mwaka uliofuata Railtrack ikawa chini ya msimamizi wa ufilisi na 2002 Network Rail ikachukua njia zote, na hiyo sasa hivi ni mali ya umma.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa mabehewa TRC ile ya zamani, shirika letu la reli. Nilikuwa namweleza haya barazani kwake Buguruni kwa Mnyamani, jirani kabisa na reli, akanisikiliza weee mpaka mwisho halafu akauliza.

"Sasa mama, njia si yake, behewa kakodi, na kituo kakodi. Huyo mwekezaji alikuwa na nini chake?"

Mkataba, Mjomba. Mkataba na wafanyakazi basi.

Na ndiyo maana walikuwa wanaweza kuondoka kirahisi hivyo. Angalia laini ya London kwenda Edinburgh, laini yenye abiria wenye hela zao kabisa, kampuni ya GNER ilivuliwa mkataba, National Express ikashindwa kulipa ilichoahidi ikarudisha funguo 2009, serikali ikaiendesha vizuri tu miaka kadhaa halafu 2015 wakaigawa tena kwa Stagecoach na Virgin, 2018 na wao wakashindwa. Walioshindwa wanaenda zao na treni ya asubuhi inatakiwa iondoke vilevile, sasa nani anaiondoa? Serikali. Ilipokuja korona 2020 ndiyo ikawa wazi kwa kila mtu, abiria hakuna, serikali ikabeba gharama zote na nauli ikawa inaingia kwake, makampuni yanalipwa ada ya kusimamia. Toka hapo mimi sikuona tena hoja ya kuwaweka.

Sheria mpya ilipita Novemba 2024 na ina jambo moja la busara sana, hawakumnyang'anya mtu wala kulipa fidia, wanasubiri mkataba wa kampuni ufike mwisho halafu hauhuishwi. South Western Railway ikawa ya kwanza chini ya sheria hiyo tarehe 25 Mei 2025, Julai c2c inayokwenda Southend, Oktoba Greater Anglia, na nyingine zinafuata, mwisho wa yote kuwe na chombo kimoja kinaitwa Great British Railways kinachoshika njia na uendeshaji wa treni pamoja. Mabehewa yenyewe mengi bado yatakodiwa kwa haohao wenye nayo, hilo halijaguswa, na kodi inalipwa mwaka hadi mwaka. Mimi naiunga mkono hii sheria kwa moyo wote jamani. Mtu wa Basildon, mji ulio kwenye laini hiyo ya c2c, hana treni tatu za kuchagua kama sisi tulivyokuwa tunachagua daladala pale Buguruni Sheli, laini ni moja, asipopanda hiyo haendi kazini. Kitu kama hicho mwenye nacho awe ni yule ambaye abiria anaweza kumwadhibu kwenye kura.

Sasa nirudi kwetu wasafishaji.

Wiki ya kukabidhiana kule depo tuliona karatasi imebandikwa ukutani karibu na mashine ya kusainia, madereva, makondakta, mafundi, wakata tiketi, wote wanahamia kwa mwajiri mpya wa umma na masharti yaleyale ya kazi. Tukasoma mpaka chini. Sisi hatumo. Dada mmoja wa Ghana tunafanya naye shifti moja akaisoma tena kwa sauti akidhani tumeruka mstari. Usafi uko kwenye mkataba mwingine, laini ina mkataba na kampuni yetu, sisi tuna mkataba na kampuni, kwahiyo laini inapohama mkataba wa usafi unahama kama ulivyo na sisi tunabaki tulipo.

Na kazi yenyewe mniruhusu niiseme. Treni inaingia saa sita sita usiku ikiwa na ya siku nzima, kahawa imemwagika chini ya viti ikakauka inanata, bigijii imegandia kwenye zulia unaikwangua umepiga magoti, chakula kimesukumwa pembeni ya kiti kule mkono hauingii, na Jumamosi usiku kuna matapishi. Choo kikiwa kimeziba unaanza nacho hicho. Alfajiri behewa linanukia dawa, abiria wa kwanza anakaa kwenye kiti kisafi anafungua simu yake. Fundi tunayekunywa naye chai chumba kimoja akiumwa analipwa mshahara wake, na ana kitambulisho anapanda treni bure yeye na mkewe. Mimi mgongo ulipobana mwaka jana nikalala kitandani nilipata ile posho ya kisheria peke yake, na siku tatu za mwanzo zilikuwa hazihesabiwi kabisa, kodi ya chumba haisubiri. Tunasafisha treni ambazo kwenda kuzisafisha tunapanda basi la usiku kwa nauli yetu!

Mjomba hapo ndipo alipokasirika kweli. Yeye alistaafu kabla ya kampuni ya RITES ya India kupewa reli yetu 2007, wao asilimia 51 serikali 49, mkataba wa miaka 25, lakini vijana aliowafundisha kazi waliyaona yote, migomo ya mishahara, vichwa vya treni vya kukodi kutoka India, mpaka 2011 serikali ikairudisha. Anasema enzi zake mfagiaji wa behewa alikuwa mtu wa reli kama dereva, anasaini daftari lilelile, na siku ya mshahara mnakutana foleni moja. "Behewa chafu ni behewa bovu," ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyofundisha wengine, huwezi kusema anayelitengeneza ni wako halafu anayelisafisha humjui.

Na tusiwanyooshee vidole Waingereza peke yao, zunguka Posta hapo uwaulize akina dada wa usafi na walinzi kwenye majengo ya umma wanalipwa na nani. Wengi watakutajia jina la kampuni. Nimeongea na mmoja juzi nikiwa nasubiri huduma ofisi fulani, amevaa aproni ya kampuni, anafagia ofisi ya serikali, akaniambia zabuni ikibadilika hajui kama na yeye atabaki. Maneno hayohayo tunaongea kule depo.

Chama cha wafanyakazi wa reli, RMT, kinapigania wasafishaji waajiriwe na laini moja kwa moja, na Labour wenyewe, chama kilichoshinda uchaguzi wa 2024, kabla ya uchaguzi huo waliahidi kurudisha ndani kazi nyingi za umma zilizotolewa kwa wakandarasi. Nauli walisikia kilio cha watu, Novemba 2025 wametangaza nauli zile zinazodhibitiwa hazipandi England mpaka Machi 2027, kwahiyo wakitaka wanaweza. Kama laini zimerudi kwa kusubiri mkataba uishe bila kumlipa mtu fidia, mlango huohuo upo kwa usafi, nao una mkataba wenye tarehe ya mwisho. Mjomba aliniuliza ni lini na nani anasaini. Nikirudi kuna kikao cha chama tawi letu, na nimeshamwandikia katibu aliweke hilo kwenye ajenda, tarehe ya mkataba na jina la ofisi inayosaini, tujue barua zetu tunazipeleka wapi.