Kutoka mkanda hadi kadi: kumbukumbu za mradi wangu wa picha

Januari 12
Mkanda wa mwisho nimeupakia kwenye basi la Dar jana. Fundi niliyemzoea hapa Tanga ameacha kusafisha mikanda, nami nimechoka kungoja wiki mbili nije niambiwe picha sita zimeungua. Pentax K1000 ya marehemu baba inapumzika kabatini. Nimenunua Nikon D3200 ya mtumba, megapikseli 24, inanitosha kabisa. Muuzaji aliniapia kwamba lenzi ni safi. Nilipoimulika kwa tochi ya simu nikaona nyuzi za ukungu pembeni, kama utando wa buibui. Unyevu wa pwani na mfuko wa ngozi uliofungwa miaka, ndiyo matokeo yake. Akashusha bei. Sasa inakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Januari 28
Kazi yenyewe sasa. Baba aliacha mikanda 43 ndani ya makopo ya maziwa ya unga, nataka kuihamishia kwenye kompyuta. Skana ya negativu, yaani ya mikanda iliyosafishwa ambayo nyeusi huonekana nyeupe, ni ghali, kwa hiyo ninazipiga picha kwa Nikon. Tableti imelazwa mezani, skrini nyeupe tupu, na juu yake kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, nimekiinua kwa vifuniko vya chupa. Kisipoinuliwa, vidoti vya skrini vinatokea kwenye picha. Kati ya kamera na lenzi nimeweka pete za kurefusha, maana negativu ni milimita 24 kwa 36 tu na lenzi ya kawaida haisogei karibu kiasi hicho.

Za nyeusi na nyeupe ni rahisi, kwenye kompyuta unageuza nyeusi iwe nyeupe basi. Za rangi zina utando wa rangi ya chungwa. Ukizigeuza hivihivi, harusi nzima inakuwa ya bluu. Dawa niliyoipata ni kupima kwanza ule ukingo mtupu wa mkanda, kuiondoa rangi yake, halafu ndiyo nigeuze.

Februari 20
Mkanda wa 31. Mgongo hauna hamu.

Machi 9
Nimemaliza. Picha 1,500 na ushei, kila moja kama MB 20, jumla GB 31 hivi. Majina ya mafaili naanza na mwaka: 1986-08_Pangani_harusi. Hapo kompyuta inajipangia yenyewe. Nakala moja iko kwenye laptop. Ya pili nimeiweka kwenye flashi ya TB 1 niliyoiokota kwa bei ya chee barabarani, nikajiona mjanja.

Mei 3
Ujanja umeniponza. Laptop imekufa diski. Nikakimbilia flashi, picha zinafunguka nusu, nusu ya chini ni kijivu kitupu. Kijana mmoja wa duka la kompyuta akaipima kwa programu ya H2testw, ambayo inajaza flashi nzima halafu inasoma tena kilichoandikwa. Uwezo wake wa kweli: GB 29. Flashi za namna hii zimefundishwa kusema uongo. Zinaidanganya kompyuta kuwa nafasi ipo, na ukizidisha, unachoandika kinapotea au kinafuta cha zamani, wala hakuna onyo.

Sasa sikiliza kilichoniuma. Za baba za mwaka 1986 nitazipiga upya, negativu zipo kwenye makopo yake. Picha za Idi ya mwezi uliopita, nilizopiga mwenyewe kwa kamera mpya na kadi nikaifuta, ndizo zimekwenda moja kwa moja.

Mei 19
Nimenunua diski mbili za nje kwenye duka linalotoa risiti. Zote zimepimwa kabla ya kuwekwa kitu. Moja hapa, moja kwa dada Korogwe. Nikienda kumsalimia tunabadilishana. Kadi sifuti mpaka nakala zote mbili nimezifungua kwa macho yangu.

Juni 8
Nimeprinti 60 za kwanza, inchi 4 kwa 6. Zimetoka giza, nyuso hazisomeki. Kosa ni langu: nilikuwa narekebisha usiku huku mwanga wa skrini uko juu mwisho, na karatasi haina taa nyuma yake. Nimeushusha nusu, nikarudia.

Zile za simu nazo zina vituko. Simu yangu inapiga 4 kwa 3, karatasi ni 3 kwa 2, mashine ikakata juu na chini. Mjomba kabaki na paji la uso, kofia yake ya viua imebaki studio. Sasa ninazikata mwenyewe kabla ya kupeleka. Na asiniletee mtu picha ya WhatsApp ya kawaida akitaka ya kutundika ukutani. Aitume kama dokumenti, isipunguzwe.

Juni 16
Nimempelekea Mama. Kila picha anaigeuza nyuma kwanza.

“Mbona hukuandika?”

“Majina yapo kwenye kompyuta, Mama.”

“Haya, niletee basi hiyo kompyuta niishike.”

Penseli haishiki kwenye mgongo wa karatasi hii, na kalamu ya kawaida inabonyeza mpaka mbele. Nimepata ya wino laini unaokauka upesi. Yeye anataja, mimi naandika. Tumefika ya 40. Huyo wa kulia mwenye baiskeli hata yeye hamkumbuki.