Besi Niliyoipenda kwa Macho

Jumapili, saa nne usiku.

Jana tulipiga muziki Kinondoni kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane kasoro, na leo mkono wangu wa kushoto haushiki hata kikombe cha chai sawasawa. Maumivu yako kwenye mnofu wa chini ya kidole gumba, yanateremka hadi kwenye kifundo. Nimekaa kitandani. Besi, gitaa langu la sauti nzito, iko mbele yangu, imeegemea kabati, na bado naiona ni nzuri kuliko besi yoyote niliyowahi kuishika. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Niliinunua mwezi wa pili, Kariakoo, kwenye duka la vyombo vya muziki lililo ghorofani. Ilikuwa imetundikwa juu kabisa, juu ya vinanda, mahali ambapo mtu haweki kitu cha kuuzika haraka. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kijana wa dukani aliona macho yangu yalipotua, akaniambia, "Kaka, hiyo ni mashine. Imebaki moja tu." Akapanda kwenye kiti cha plastiki, akaishusha, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Niliipokea nimekaa, nikaiweka mapajani. Nikaisogeza dirishani niione rangi yake: katikati kahawia ya asali, inakolea kidogo kidogo kuelekea pembeni, hadi kingoni ni nyeusi tii. Nikavuta uzi mnene mara moja. Bila umeme ulitoa mguno mdogo, nami nikaupenda mguno ule kana kwamba umenijibu. Sikuvaa mkanda. Sikusimama. Haikufika robo saa nikawa nimehesabu shilingi 850,000, pesa nilizokuwa naziweka tangu Krismasi, na ninashuka ngazi nimeikumbatia.

Umbo lake wapiga besi wengi wanalijua. Limeigwa kwa Thunderbird, besi ambayo kampuni ya Gibson iliitoa mwaka 1963, na aliyeichora, Ray Dietrich, alikuwa mchora mabodi ya magari kule Marekani. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini inaonekana inakwenda hata ikiwa imelazwa. Mwili wake umelala upande kama bawa, na ile pembe ndefu ya juu iliyozoeleka kwenye besi nyingine haipo.

Pembe ile nilidhani ni pambo. Fundi wa magitaa aitwaye Leo Fender alipotengeneza besi ya Precision mwaka 1951 aliirefusha kwa sababu: uzi wa besi una inchi 34 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikwa mwilini, karibu sentimita 86, kwa hiyo shingo ni ndefu na nzito, na kishikizo cha mkanda kikiletwa mbele hadi usawa wa freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokata shingo) au hapo karibu, uzito unagawanyika. Mchukuzi wa maji mwenye mzega anafanya vivyo hivyo. Dumu la mbele likiwa zito, anasogeza bega mbele. Kwenye besi yangu kishikizo kiko nyuma, pale shingo inapoungana na mwili, na kichwani kuna funguo nne kubwa za chuma za kukazia nyuzi. Bega liko karibu na dumu jepesi. Nikiachia mkono, kichwa kinaelekea sakafuni.

Ukiwa umekaa hutalijua hilo hata siku moja.

Nililijua jukwaani. Kwenye rumba, wimbo ukiwa bado taratibu, besi inakaa sehemu moja na mkono wa kushoto unaweza kuibeba shingo bila nyimbo kuathirika sana. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, likifunguka mkono unatakiwa kuruka kutoka freti ya tatu hadi ya kumi na mbili na kurudi. Kila nikiruka, shingo inashuka. Gumba likajifunza kuibana shingo kabla vidole havijafika, na katika kubana huko nikawa natua nimechelewa. Mpiga dramu wetu, mtu mpole ambaye hajawahi kunisema mbele za watu, alinivuta pembeni wakati wa mapumziko akaniuliza, "Kaka, mbona siku hizi unachelewa kwenye moja?" Moja ni pigo la kwanza la kila mzunguko, pale besi na dramu zinapotua pamoja. Swali hilo liliniuma kuliko mkono. Besi na dramu zikiachana hata kwa unywele, watu waliosimama kucheza wanaanza kurudi kwenye viti, wala hawajui ni kwa nini.

Nimejiuliza sana kwa nini siku ile nilitumia macho peke yake. Masikio yangu yalifundishwa vizuri. Baba alikuwa mpenzi wa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978, na nyimbo zao zikipigwa redioni alininyamazisha ili nisikie besi ya Suleiman Mwanyiro. "Waache hao wa juu," alikuwa akisema. "Msikilize anayetembea chini." Mimi nilichagua besi kwa sababu ya sentensi hiyo. Lakini anayetembea chini hatazamwi. Nina miaka kumi na miwili jukwaani, na katika picha zetu nyingi unaniona nusu uso, nyuma ya bega la mpiga solo. Nilipoiona besi ile juu ya vinanda nilijiona mwenyewe nimetoka gizani. Sioni aibu kulisema hilo. Mtu anayefanya kazi yake vizuri kwa miaka yote hiyo ana haki ya kutamani kuonekana.

Na macho si lazima yakosee. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi ya Höfner 500/1 mjini Hamburg mwaka 1961, na mwenyewe ameeleza kwamba, mbali na bei kuwa nafuu, alivutiwa kwa sababu pande zake mbili zinalingana, hivyo mtu wa mkono wa kushoto akiigeuza haionekani kituko. Alitazama umbo, lakini alichokipata kilikuwa pia chepesi, uwazi ndani, na nyuzi zake ni za inchi 30 tu. Mwili wake ulikubaliana na jicho lake. Wangu haukuulizwa.

Nimejaribu kuipatanisha. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinishonea mkanda mpana wa ngozi, upande wa manyoya ndani ili ung'ang'anie shati. Ukasaidia kidogo, hadi jasho lilipoanza. Kisha nikaenda Feri asubuhi, nikanunua chubwi za risasi zile za wavuvi, nikazishonea mfuko mwishoni mwa mkanda zivute upande wa pili. Shingo ikatulia! Lakini sasa bega linabeba besi na risasi kwa saa tano, na usiku nalala upande mmoja.

Wiki iliyopita tulishiriki jukwaa na bendi nyingine. Mpiga besi wao ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia huku anatazama besi yangu, siyo mimi. Akaisifu, na naamini aliisifu kwa moyo. Kisha akasema, "Simama wima, mwanangu. Achia mikono yote miwili." Nikaachia. Kichwa kikashuka mpaka usawa wa goti, akakidaka kabla hakijagonga kisanduku cha spika. Hakusema neno. Akavua yake akanivika.

Besi yake rangi imekwisha kabisa pale mkono wa kulia unapolala, mbao iko wazi, laini kama mpini wa jembe la zamani. Nikaachia mikono. Ikabaki pale pale, imeinama kidogo, kana kwamba kuna mtu ameishika kwa nyuma. Nilipiga mstari ule ule wa sebene unaonitesa kila Jumamosi, na gumba langu lilikuwa linagusa shingo tu, halibani. Nilitua kwenye moja. Nilirudia mara nne, mara tano, na ilibidi niinamishe uso kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Kijana mmoja wa kwaya ameona picha yangu nikiwa nayo na anataka kuinunua. Kwa simu hakuuliza sauti wala uzito, ameuliza kama rangi ni ile ile ya kwenye picha. Nilitambua sauti yake, maana ni yangu ya mwezi wa pili. Anakuja Jumatano akitoka kazini. Nimemwambia aje na mkanda wake, na kwamba tutaijaribu amesimama.

Chubwi nimezitoa usiku huu, nimezifunga kwenye gazeti. Ikianguka mikononi mwake, aione ikianguka.