Mkoa wa Kusi, pale feri haifiki

Wale mnanifuata mnajua nina nchi yangu ya kubuni inaitwa Pwezani, visiwa vitatu vikubwa na vingine vidogo vidogo vya wavuvi, bendera nilishamaliza, noti ziko na picha ya pweza, lakini leo wacha niongee kuhusu Mkoa wa Kusi peke yake juu ndio umenisumbua kuliko nchi yote.

Watu wakibuni nchi wanaanza na mfalme na vita, mikoa wanaikata tu kama keki. Mimi ni wa Nairobi bana, nimekulia enzi za PC na DC, wale wakuu wa mkoa na wilaya, mikoa 8, halafu 2013 hao wakaenda zao tukaanza kaunti 47 zenye mipaka ya zile wilaya za 1992, so usiniambie mpaka ni laini tu kwa ramani, kila mpaka uko na watu wameukasirikia mahali.

Sasa Kusi. Mkoa wenyewe ni kisiwa cha kusini plus ule upande wa mashariki wa kisiwa kikuu, upande wa mawe, udongo kidogo sana. Hiyo niliitoa Unguja, magharibi kuna rutuba na mashariki ni mawe ya matumbawe. Halafu kuna upepo. Kusi inavuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba hivi, zamani ndio ilikuwa inarudisha majahazi Uarabuni na India baada ya kaskazi kuyaleta, na kwa Pwezani ikianza kuvuma bahari inachafuka feri inafungwa, na makao makuu ya mkoa nimeyaweka wapi? Kisiwa kikuu, ng'ambo. Makusudi kabisa. So mtoto akizaliwa Mei huko kusini, cheti kinangoja hadi bahari itulie, na karani mvivu anaandika tarehe uliyofika ofisini, ndio maana mkoa mzima birthday ni Oktoba na Novemba hahaha.

Kakangu mdogo aliona ramani akaniuliza, "Kwani hata nchi ya uongo lazima kuwe na watu wamesahaulika?" Nikamwambia eeh, lazima, kisiwa cha mbali kikisahaulika ndio siasa inaanza. Angalia Komoro, kisiwa cha Nzwani walijitangaza huru 1997, ikabidi katiba ya 2001 ipee kila kisiwa rais wake na urais wa muungano uwe wa kupokezana. Hiyo haikutoka hewani.

Kuhusu chifu na wazee wa mtaa sina mengi, nimeiga Zanzibar, mkoa, wilaya, halafu shehia, ile ngazi ya chini kabisa, na sheha wake anayeisimamia, imeisha.

Pesa ndio vita. Kwetu katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, Pwezani nikaweka hivyo hivyo nikagawa kwa idadi ya watu, aki Kusi wakabaki na makombo, juu wao ni wachache na kila mfuko wa simiti na kila katoni ya dawa inaenda kwa boti. Mgao wa watu ni haki kwa karatasi tu. Kwa hivyo nimeongeza kifungu, mkoa unaovuka maji unalipiwa nauli ya mizigo kwanza kabla pesa haijagawanywa, na wabunge wa kisiwa kikuu tayari wanapinga, yaani ni mimi nawaandikia hotuba za kunipinga. Kura wanapiga wiki ijayo, na bado sijui Kusi watashinda vipi na viti walivyo navyo.