Mbolea ilikuwepo, mizizi ilishindwa kuinyonya

Pilipili hoho zangu za kwenye ndoo zilianza kuwa njano zikiwa na wiki kama sita. Nikafanya nilichozoea: nikaongeza mbolea. Njano ikazidi, na ncha za majani zikaungua, zikakauka kama karatasi. Nikaongeza tena. Ubishi tu.

Kilichonizindua ni kutazama majani yapi yanaugua. Naitrojeni ikipungua, majani ya chini hutangulia kupauka, maana mmea huihamishia kwenye machipukizi. Yangu ya chini yalikuwa ya kijani. Machanga ya juu ndiyo yaliyopauka, mishipa tu ikibaki kijani. Hiyo ni dalili ya kukosa chuma, na chuma kilikuwemo kwenye mbolea yangu, kimeandikwa kabisa kwenye pakiti.

Nikamwagilia mpaka maji yakatoka chini, nikayakinga kwa kikombe, nikapima. pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, uasidi umezidi) ilikuwa 7.6, wakati hoho za kwenye ndoo hustawi kwenye 5.8 hadi 6.5. pH ikipanda hivyo, chuma hujifunga na mizizi haikipati. EC, yaani kipimo cha chumvi zilizoyeyuka majini, ilikuwa 4.1, ilhali maji ya mbolea niliyokuwa nikimwagilia yalikuwa na 2. Chumvi za mbolea zilikuwa zimerundikana. Ule ukoko mweupe ukingoni mwa ndoo nilikuwa nauona siku zote, nikidhani ni vumbi!

Nilisuuza kila ndoo kwa maji matupu, kiasi cha ujazo wake mara mbili hivi, kisha nikarudi na nusu dozi, EC 1.2. pH nikaiacha mwisho, kwa kuwa mbolea yenyewe huibadilisha. Ukiipima kabla, umejisumbua bure. Asidi ya kushushia pH ndiyo iliyonitesa. Maji yangu ni magumu, yana bikaboneti nyingi, ambazo humeza asidi: unatia tone baada ya tone, pH haitikisiki, halafu inaporomoka ghafla. Jaribio la kwanza liliishia 4.3, nikamwaga maji yote niliyochanganya. Na kutoka 7 hadi 6 si hatua ndogo, uasidi huongezeka mara kumi.

Kipimo cha pH nacho kilinidanganya wiki moja kwa sababu niliacha ncha yake ikauke. Siku hizi naihifadhi kwenye maji yake maalumu na kukisahihisha kwa vimiminika vya pH inayojulikana, 4.0 na 7.0.

Siku ya kumi jani jipya lilichomoza likiwa kijani. Yaliyoungua hayakupona, nikayakata.