Kwale wa shaba ukutani kwa babu

Kamwene ndugu zangu. Leo naongelea kile kibao cha shaba chenye wanyama waliochomoza cha sebuleni kwa babu kule Ifunda, mliowahi kufika nyumbani mtakua mnakikumbuka, cha rangi ya kahawia iliyoiva, sungura ananing'inia kwa mguu mmoja kwenye msumari alafu chini yake kwale wawili wamefungwa kamba. Babu alipewa na mzungu wa shamba la tumbaku aliyekua anampikia, siku mzungu anafunga mizigo aondoke. Alimwambia kimetoka Ufaransa, na kweli nyuma kwa chini kuna herufi zimegongwa, PARIS.

Sisi watoto tulikua tunakiona pambo tu la wazee. Babu ndo alikua anakisoma. Ujana wake aliwinda sana, basi jioni akiwa na ulanzi wake anakuita anakuonyesha kwa kidole, "ona shingo ya huyu kwale ilivyolegea, huyu kafa leo leo, hajakakamaa bado. Aliyetengeneza hiki kashika kwale mkononi." Na sungura vilevile, kichwa kipo chini kwa hiyo tumbo limeshukia kifuani na manyoya ya tumboni yamelala kuelekea shingoni, sio yanavyolala sungura akiwa amesimama. Sikio moja limeinuka mpaka unaweza kupitisha ukucha nyuma yake, ila bawa la kwale wa nyuma limechorwa kwa juu juu tu kama mkwaruzo, na ukirudi hatua tatu unaona kabisa kwamba yule yuko mbali na huyu yuko karibu, wakati kibao chenyewe hakina unene wa kitabu.

Babu hakukosea. Nimekuja kusoma baadaye, karne ya 19 Ufaransa kulikua na wachongaji kazi yao kubwa ni wanyama. Antoine-Louis Barye (1795-1875) alikua anaenda kuwachora kwenye bustani ya Jardin des Plantes pale Paris, na mnyama akifa anaenda kumsoma akipasuliwa. Pierre-Jules Mêne (1810-1879) naye anajulikana sana kwa mbwa wa kuwindia na farasi. Watu wenye nafasi walikua wananunua kazi za shaba za kuweka majumbani, na mawindo kama haya yalipendwa kwenye chumba cha kulia chakula.

Sasa nikiri. Baada ya msiba wa babu nilikaa pale wiki mbili, nikasema nikisafishe kibao cha mzee. Nikachukua limau, majivu na stilwaya nikaanza kona ya kushoto kwenye miguu ya kwale, ikatoka inang'aa njano kama bomba jipya, nikafurahi nikamuita shangazi aje aone. Shangazi aliangalia, akanyamaza, akaenda zake jikoni. Hapo ndo nikaacha.

Nikakibeba mpaka Iringa mjini kwa fundi mmoja anayesubu masufuria ya alumini. Yule mzee hata hakuangalia sungura, alikigeuza kwanza, akapitisha dole gumba nyuma pale penye vichunusi vichunusi akasema hiki kimemiminwa kwenye mchanga kama sufuria zangu, ila huyu mchanga wake ulikua laini sana. Akaweka sumaku, haikushika. Akakwaruza nyuma kidogo sana, pakatoka wekundu wa njano, akasema ni shaba iliyochanganywa na bati, ingekua zinki iliyopakwa rangi pangetoka weupe. Alafu akaona kona yangu akanitazama. "Mwanangu, hii rangi umeitoa ya nini?"

Kumbe ile kahawia sio uchafu jamani. Waliotengeneza waliipasha shaba moto wakaipaka dawa zenye tindikali makusudi mpaka ikashika rangi, kwenye mabonde inabaki nzito, kwenye vilima inafutwa iwe nyepesi, na ndo maana unyoya mmoja mmoja unaonekana. Pale niliposugua miguu ya kwale imekua bapa, imepoteza kucha. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna kitu cha shaba cha zamani, nakuombeni msikisugue, na msikipeleke kwa wa vyuma chakavu, yule anapima kilo tu. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, ukitaka zaidi paka nta kidogo sana. Mimi nilinunua nta ya nyuki kwa mama wa asali pale Mafinga.

Nimekirudisha Ifunda ila sio ukuta ule ule. Nimekitundika ubavuni mwa dirisha, maana mwanga ukikipiga usoni kila kitu kinalala, ukija wa pembeni kila unyoya unatupa kivuli chake. Saa kumi jioni jua likiingia yule kwale wa mbele anatoka kabisa ukutani. Kona yangu bado inang'aa, ingawa imeanza kufifia, shangazi anasema itachukua miaka, na kila nikienda namkuta kashaweka kiti cha babu hapo mbele ya kibao.