Nilivyohamisha miaka 11 kutoka laptopu ya zamani

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2012, na siku za mwisho ilikuwa haitaki hata kuguswa. Betri ilishakufa, tundu la chaja limelegea, ukiipita karibu na mtandio tu inazima. Waya wa chaja nilikuwa naukalisha juu ya kamusi ili usicheze. Ikifika Juni, baridi ya kwetu Uyole, Mbeya, inapokolea, naiwasha alfajiri, nabandika chai, nakunywa chai, narudi kiduara bado kinazunguka.

Ndani yake kulikuwa na mitihani na maazimio ya kazi tangu nianze kufundisha Kiswahili, hesabu za kikoba chetu cha akina mama, picha za watoto, na sauti ya baba. Baba alifariki mwaka 2016. Mwaka mmoja kabla nilikaa naye jikoni, nyumbani Tukuyu, nikamrekodi akisimulia kwa Kinyakyusa mambo ya ujana wake, mvua ikipiga bati muda wote. Ni mafaili manne tu. Hayo mengine yote ningeweza kuyalilia wiki moja nikanyamaza.

Mwaka 2023 nikapata laptopu nyingine. Mpwa wangu, anayesoma chuo Iringa, alikuwa likizo. Akaniambia, "Mama mdogo, hii ni kazi ya saa moja." Ilituchukua siku nne.

Siku ya kwanza niliianza peke yangu, na nikaianza vibaya. Nilichukua flashi, nikashika folda ya picha za 2014, badala ya kunakili nikakata, nikabandika kwenye flashi. Nilijiambia kwamba nikikata nitajua kipi kimeshahama na kipi bado. Katikati umeme ukakatika. Laptopu isiyo na betri ikazima hapo hapo.

Umeme uliporudi nilikuta picha nyingine ziko kwenye flashi, nyingine zimebaki kwenye laptopu. Mpwa ndiye aliyenieleza. Unapokata kitu kutoka diski moja kwenda nyingine, kompyuta haiinui folda nzima kama mtu anavyojitwika ndoo. Inanakili faili moja, inalifuta kule lilikotoka, ndipo inashika linalofuata. Picha iliyokuwa njiani umeme ulipokatika ilifunguka nusu: kichwa cha binti yangu na sare mpya ya shule, kuanzia kifuani kijivu kitupu. Bahati yangu ni kwamba faili lile lilikuwa halijafutwa upande wa pili. Tangu siku hiyo nanakili tu. Kufuta ni kazi ya siku nyingine kabisa, ukiwa umeshiba na umelala.

Tatizo la pili walimu wenzangu watalijua bila kusimuliwa. Flashi ile ilikuwa imepita steshenari mbili wiki ya mitihani. Nilipoichomeka tena, kila folda imegeuka shotikati, yaani njia ya mkato, ya kilobaiti mbili. Mtu mwingine angefomati kwa hasira. Mafaili kwa kweli yalikuwa yamefichwa tu, na hizo shotikati ndizo kirusi chenyewe, ukiibofya moja umekikaribisha ndani. Mpwa akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaenda kwenye flashi, akaandika attrib -h -r -s /s /d, folda zangu zikajitokeza. Shotikati akazifuta, kisha akaipitisha flashi kwenye programu ya kuondoa virusi kabla ya kuiruhusu iikaribie laptopu mpya. Mimi nilikuwa tayari kuhamisha na ugonjwa wake.

Kuna na video ya sendofu ya mdogo wangu, gigabaiti 6. Flashi ina nafasi ya 20, lakini inakataa, inadai faili ni kubwa mno. Kumbe flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata nafasi iwe kubwa namna gani. Dawa ni kuifomati upya kwa exFAT, na kufomati kunafuta kila kilichomo. Hapo nikachoka na habari za flashi.

Tukashuka Mwanjelwa kwa fundi mmoja ninayemwamini. Akaipindua laptopu, akatikisa tundu la chaja, akacheka. "Mwalimu, kwa nini unaisumbua bibi wa watu? Toa diski, muache apumzike." Akafungua skrubu, akaitoa hadidiski, akaitia kwenye kikasha kidogo chenye waya wa USB. Kikasha Sh 20,000, kazi yake akakataa malipo kwa kuwa nilimfundisha mdogo wake. Ndaga fijo, asante sana. Kama ningejua hivyo siku ya kwanza! Hadidiski ilikuwa nzima kabisa, ugonjwa wote ulikuwa wa mwili ulioibeba. Lakini kama yako inagonga au inakwama kila ikisomwa, usiisumbue nyumbani, mpelekee mtu mwenye ujuzi wa kuokoa data.

Diski imeandikwa gigabaiti 500, Windows inaonyesha 465. Nilidhani kuna 35 zimebaki kwa fundi! Hapana: aliyeitengeneza anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Ni diski ile ile.

Nyumbani, tulipoichomeka kwenye laptopu mpya, ikaja kali zaidi. Nabofya folda yenye jina langu, naambiwa sina ruhusa ya kuifungua. Mwenyewe! Akaunti ya kompyuta mpya, hata ukiipa jina lile lile, si akaunti ya zamani, kwa hiyo Windows inakuona mgeni. Tulibofya kuendelea, ikachukua muda wake kubadili ruhusa za maelfu ya mafaili, ikafunguka. Mwanzoni nilichomeka waya kwenye tundu la USB la kawaida, makadirio yakasema zaidi ya saa tatu. Mpwa akauhamishia kwenye tundu lenye ulimi wa buluu, USB 3.0. Kufika magharibi kazi ilikuwa imekwisha.

Au ndivyo nilivyodhani. Nikabofya kulia pande zote mbili kulinganisha idadi ya mafaili, upande mpya umepungukiwa matatu. Yote yalikuwa mitihani yangu, na kosa lilikuwa langu. Mimi hutaja faili kama ninavyotaja sababu ya kuchelewa: "Mtihani wa Kidato cha Pili muhula wa kwanza marekebisho ya mwisho kabisa tumia hili". Folda za mitihani hiyo nilikuwa nimeziingiza ndani ya folda nyingine yenye jina refu kwenye laptopu mpya, na Windows kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260 kwa njia nzima ya faili. Nikafupisha majina, yakaingia.

Ila kulinganisha idadi hakuonyeshi usichojua kama unacho. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka vijikaratasi vya njano. Wanaotumia Windows 7 wanavijua, unabandika kwenye uso wa kompyuta unaandika lolote. Mimi nilikuwa naandika humo madeni ya kikoba kabla sijayaingiza kwenye jedwali, na miezi miwili sikuwa nimeingiza chochote. Tulinakili nyaraka, picha, video na muziki. Vijikaratasi havikai huko. Viko ndani ya AppData, folda iliyofichwa, ndani ya Roaming, Microsoft, Sticky Notes, kwenye faili liitwalo StickyNotes.snt. Alamisho za kivinjari kama Chrome au Firefox nazo zimejificha ndani ya AppData hiyo hiyo.

Asubuhi tuliwasha maonyesho ya vilivyofichwa, tukalikuta. Tulilifungua kwa Notepad, ikawa fujo ya alama, lakini katikati ya fujo majina na tarakimu vinasomeka. Nikachukua daftari nikanakili kwa mkono, mstari kwa mstari, kama mwanafunzi wa adhabu.

Sauti ya baba niliisikiliza yote, mafaili yote manne, hadi mwisho. Sikuridhika na kuona jina la faili tu. Nakala yake nyingine nimempelekea mdogo wangu Tukuyu, na hadidiski ya zamani iko kabatini ndani ya soksi, sijafuta kitu.

Jumapili kwenye kikoba habari zilikuwa zimeshanitangulia. Jirani yangu mmoja akanisogelea, uso wa huruma kabisa. "Pole mwalimu, nasikia ile kompyuta imekufa na mahesabu yote?"

"Haijafa, shoga, imehama tu," nikamwambia. "Na wewe nimekuhamisha, na ile elfu arobaini yako ya Aprili."