Springi zilivyotatua tatizo la seli kuvimba

Betri yangu ya sola ina seli nne za lithiamu-chuma-fosfeti, za mraba, 280 Ah (ampea-saa, kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme) kila moja. Seli hizi hutanuka kidogo zikijaa na kusinyaa zikiisha. Nilizibana kwa mbao mbili za plaiwudi ya mm 18 na boliti ndefu nne. Zikijaa, nati zinakaza kupita kiasi, zikiisha, zinalegea. Kinachoumia hapo ni vichwa vya seli, kwa sababu vibao vya shaba vinavyounganisha seli vinavivuta.

Dawa ilikuwa springi, moja kwa kila boliti, kati ya ubao na nati. Kwa seli za aina hii mtengenezaji hupendekeza mbano wa kilo 300 hivi, yaani kilo 75 kwa kila springi. Idadi ya seli haibadilishi hesabu, maana nguvu ileile inapita kwenye safu nzima. Nilibebesha springi mfuko mmoja na nusu wa saruji, nikapima urefu wake, kisha nikakaza nati mpaka zote nne zikafikia urefu huo, seli zikiwa na chaji nusu.

Kati ya seli weka karatasi ngumu isiyopitisha umeme. Usiiruke hatua hii: ganda la seli ni alumini, na plastiki yake nyembamba huchubuka.